Megabiti Kumi za Taisto

Barua pepe ya kiongozi wa kwaya ilikaa kwenye kompyuta ya Taisto Lehtovuori wiki tatu kabla hajapata moyo wa kuifungua. Siku alipoifungua ilikuwa saa tisa alasiri, na mstari wa mwisho ulisema kwamba rekodi zote za marehemu mkewe, Aulikki, zingeondolewa mtandaoni siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni.

Hakutaharuki. Miaka arobaini alikuwa mpima hali ya hewa wa kisiwa alichoishi, akigeuza kasi ya upepo kutoka vipimo vya mabaharia kwenda mita kwa sekunde. Hesabu hazikumtisha. Furushi la rekodi hizo lilikuwa la gigabaiti thelathini na sita, na laini yake ya mtandao ilikuwa ya kumi kwa sekunde. Akaandika nyuma ya bahasha: megabaiti elfu thelathini na sita, gawa kwa kumi. Sekunde elfu tatu na mia sita. Lisaa limoja kamili. Akabonyeza kitufe cha kupakua, akavaa buti, akaenda kupasua kuni.

Aliporudi saa kumi, mstari wa kijani ulikuwa umetambaa sehemu moja tu ya nane. Akapiga simu kampuni ya mtandao.

"Mnaniuzia kumi, mnanipa moja na vipande!"

"Pole, mzee wangu. Mimi naitwa Satu," mwanamke akajibu. "Hebu niipime laini yako. Mbona unapata kumi kamili? Ila hizo ni megabiti."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Wewe unahesabu megabaiti. Laini tunaipima kwa biti, faili linapimwa kwa baiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kumi yako igawe kwa nane."

"Moja nukta mbili tano," Taisto akasema taratibu. "Basi ni masaa manane, si moja."

"Hapo umenipata. Ni faili la kazi?"

"La mke wangu."

"Basi mwambie atalikuta kesho asubuhi, asihangaike."

Taisto akamshukuru, akakata simu.

Angeweza kumpigia Marjukka, kiongozi wa kwaya, amwombe siku zaidi. Lakini kwa miaka ishirini na miwili Aulikki alipanda meli kila Alhamisi kwenda kuimba, na yeye hakuhudhuria tamasha hata moja. Kwenye mazishi aliwapa mkono wanakwaya wote bila kumjua yeyote kwa jina. Angeanza kwa maneno gani?

Akalisimamisha furushi, akatazama vilivyomo. Matamasha matatu ya video, kila moja karibu gigabaiti kumi na mbili. Safari hii alizidisha kwa nane kwanza: zaidi ya masaa mawili na nusu kwa moja. Lisingewahi. Chini kabisa palikuwa na faili la sauti pekee, "mazoezi", megabaiti mia tisa. Dakika kumi na mbili.

Likaingia kwa dakika kumi na mbili barabara.

Mwanzoni ilikuwa milio ya viti na kikohozi. Kisha sauti ya mwanamke: "Aulikki, huyo mpima upepo wako Jumamosi anakuja?"

"Angekuja," Aulikki akajibu, karibu sana na kinasa sauti, "ila mitambo haiwezi kuachwa. Lakini kila nikirudi ananiuliza tumeimba nini. Hanipi hata nafasi ya kuvua koti."

Wenzake wakacheka. Piano ikaanza.

Taisto aliketi na mikono magotini. Hakuwahi kumuuliza. Hata mara moja.

Saa kumi na mbili ukurasa ukafungwa. Akachukua simu, akampigia Marjukka.

"Ni Taisto. Mume wa Aulikki."

"Taisto!" Marjukka akasema. "Rekodi ulizipata?"

"Moja. Nilikosea hesabu."

"Nitakufungulia tena mwezi mzima, usijali. Uko na mtu hapo?"

Akataka kusema yuko sawa, kama alivyowaambia wote tangu mazishi ya Februari.

"Hapana," akasema. "Sina mtu."

Upande wa pili akamsikia Marjukka akivuta kiti na kuketi.