Maliza Wewe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa na mke wangu kwenye meza yetu ya mgahawa wa Kona Tulivu, na katikati ya sahani kuna paja moja la kuku limekunja nne, linatusubiri.

Hapo lazima nieleze kidogo. Mimi na Mama Tumsifu tuna kawaida yetu. Jumamosi hatupiki. Tunavaa vizuri, tunatoka, tunaingia mgahawa mmojawapo wa hapa Moshi, tunaagiza sahani moja kubwa ya kula pamoja, na wakati wa kurudi tunatoa hukumu njiani: pale pilau ni kavu, pale kachumbari imezidi kitunguu, pale mhudumu ana dharau lakini ndizi zake usiseme. Migahawa tunabadilisha, ila kuna kitu kimoja hakijawahi kubadilika. Kikibaki kipande cha mwisho, mimi nasema, "Maliza wewe." Yeye anasema, "Hapana, maliza wewe." Tunakaribishana hivyo mpaka mhudumu anakuja kufuta meza, na kipande kinarudi jikoni na heshima zake zote.

Jana, pale Kona Tulivu, mambo yakaharibika. Lilibaki paja, zuri, limeiva vizuri, ngozi yake inang'aa. Nikasema, "Maliza wewe." Mke wangu akanitazama.

"Baba Tumsifu, hivi mimi ni mgeni wako? Mbona unanikaribisha kama mchungaji aliyekuja kutembelea?"

Nikamjibu kwamba na yeye hunikaribisha vilevile. Jibu hilo halikusaidia. Akaomba paja lifungwe kwenye foili, tukarudi nalo, hatukutoa hukumu hata ya chumvi. Paja likaingia kwenye friji, sisi tukaingia kitandani, kila mtu akageukia ukuta wake. Roho iliniuma, nisidanganye. Nililala nikijiuliza ni lini tulianza kuwa wageni.

Basi, kwenye ndoto paja linakohoa kidogo.

"Shikamooni," linasema.

"Marahaba," tunajibu pamoja.

"Mmoja wenu anile. Friji lenu lina baridi, goti linaniuma."

Ombi la haki kabisa. Namgeukia mke wangu, na kwa mazoea nasema, "Maliza wewe."

Meza inarefuka hatua moja. Kiti cha mke wangu kinarudi nyuma naye akiwa juu yake, bila kelele.

Mhudumu anakuja. Ni chupa ya chachandu, ile pilipili ya kuchovya, imefunga tai nyeusi.

"Msishtuke," anasema. "Ni utaratibu wa hapa. Anayemkaribisha mwenzake tunamwongezea nafasi, adabu zake zisibanane."

"Utaratibu huu umeanza lini?" nauliza.

"Mlipoanza kuja nyinyi."

"Baba Tumsifu, si ule tu yaishe!" anasema mke wangu. "Maliza wewe!"

Meza inarefuka tena. Nataka kumwambia anyamaze, lakini mdomo wangu umeshazoea, unasema wenyewe, "Hapana mama, maliza wewe." Kitambaa cha meza kinavutika kama ngozi ya ngoma. Ukuta wa Kona Tulivu unasema "samahani" na kusogea pembeni, meza inatoka nje, inavuka barabara, inaingia kwenye mgahawa wa pilau wa Majengo. Naangalia vizuri. Upande wangu bado ni Kona Tulivu, katikati ni Majengo, na mke wangu ameshafika kwa yule mwanamke anayekaanga samaki karibu na soko. Napatambua kwa feni yake inayozunguka bila kutoa upepo.

Sasa pale katikati kuna wateja. Wamekaa pande zote mbili, wamevaa nguo za kanisani. Nawachungulia usoni na kugundua kwamba wote nawajua. Kuna nusu chapati. Kuna mkia wa sato. Kuna ndizi moja ya kuchoma, imenenepa tangu nilipoiona mara ya mwisho. Ni vipande vyetu vya mwisho, vyote, miaka yote.

Sambusa moja ananipungia mkoba wake.

"Baba, hunikumbuki? Sikukuu ya Krismasi, pale kwenye viti vya bluu. Ulinitazama mpaka machozi yakakulengalenga, halafu ukasema umeshiba."

"Nilikuwa sijashiba," namwambia. Sijui kwa nini namwambia yeye.

"Najua. Nilisikia tumbo lako."

"Na mama je? Yeye alikuwa ameshiba?"

Sambusa anacheka mpaka nyama ya kusaga inamdondoka kidogo kwenye kona. "Mama? Tumbo lake lilikuwa linajibizana na la kwako. Nilidhani mmekuja na redio."

Habari hiyo inanishangaza. Miaka yote nilijua kabisa kwamba mke wangu anashiba upesi. Nimewaambia hata shemeji zangu.

Kabla sijamaliza kushangaa, inakuja sauti kutoka mbali sana: "Malizaaa weeewe!"

Meza inaondoka kwa kasi. Inapita Kiboriloni, inapanda Marangu, inaingia kwenye migomba na ukungu. Mke wangu amekuwa doa dogo la gauni la njano. Namwona anajifunika kitenge kwa baridi. Hapo ndipo naingiwa na hofu ya kweli. Mtu aliyekaa Marangu nitamwambiaje kwamba kachumbari imezidi kitunguu? Nani atanifuta mchuzi kwenye kidevu?

"Nifanye nini?" nauliza paja.

"Mimi ni paja la kuku, baba. Mambo ya ndoa sikusomea. Nauliza moja tu: unanitaka au hunitaka?"

Swali dogo, lakini zito. Kwetu nililelewa kwamba mtu mwenye adabu hasemi anataka. Anasubiri akaribishwe, anakataa, anakaribishwa tena, anakataa, halafu anaonja kidogo ili wenyeji wasijisikie vibaya. Bibi mmoja wa upande wa baba alirudi nyumbani na njaa kutoka kwenye harusi yake mwenyewe, na mpaka leo anasifiwa.

Wateja wote wameweka vijiko chini. Nusu chapati anafumba macho kama anayeomba.

Napanda juu ya kiti. "Vua viatu," kinasema kiti. Navua viatu.

"Mama Tumsifu!" napiga kelele. "Nalitaka hilo paja! Jana nililitaka! Na sambusa ya Krismasi niliitaka, na mkia wa sato niliutaka mpaka nikauota! Nilikuwa nakuachia wewe kwa sababu nakupenda, lakini nilikuwa navitaka!"

Ukungu hausogei. Mkia wa sato anajifuta jicho na leso.

Halafu kutoka Marangu inashuka sauti ya mke wangu, ileile anayoitia watu chakula.

"Hata mimi nalitakaaa! Na ngozi ndiyo naitaka zaidi!"

Meza inashtuka. Inaanza kujikunja kurudi, migomba inapisha, Kiboriloni inapita upande wa kushoto, feni ya mwanamke wa samaki inapeperusha kofia yangu, maana sasa inatoa upepo. Wateja wanarushwa huku na kule wakishangilia. Mke wangu anakuja kwenye kiti chake kwa mwendo wa basi la Arusha, ukungu umemganda kwenye nywele, anacheka. Kiti kinafunga breki. Magoti yetu yanagongana chini ya meza.

"Umeshiba?" namwuliza.

"Sijawahi kushiba tangu unioe," anasema.

Tunalivamia paja kwa pamoja. Yeye ameshika huku, mimi nimeshika kule.

"Vuteni taratibu," linasema paja, "mimi ni mtu mzima."

Hatuvuti taratibu. Linapasuka katikati na kusema "ahsanteni," na tunakula kwa mikono, hatuangaliani, mafuta yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Mhudumu anatuletea kijiti cha meno juu ya kisahani, kimoja tu.

"Ndicho kilichobaki," anasema. Halafu anatunyooshea kifuniko chake. "Na sitaki kusikia mtu akimkaribisha mwenzake."

Mke wangu anakivunja katikati.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, kengele ya kanisa ilikuwa inalia, na midomo yangu ilikuwa inawasha. Upande wa mke wangu kitandani hakukuwa na mtu. Nikaenda jikoni nikamkuta amesimama mbele ya friji, ameshika foili mkononi. Ndani yake kulikuwa na mfupa mweupe, safi.

"Umelila?" akaniuliza.

"Nilikuwa nimelala."

"Hata mimi nilikuwa nimelala."

Tukatazamana. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu la kulalia, sijui natafuta nini, nikatoa nusu ya kijiti cha meno. Mke wangu akapapasa ndani ya kilemba chake cha kulalia, akatoa nusu nyingine, akaviweka vyote viwili mezani na kuvisogeza mpaka vikaungana. Vilikaa sawasawa.

"Ngozi yote ulichukua wewe," akasema.

"Nilikuwa naitaka."

"Ilionekana."

Akamimina chai. Akavuta kiti chake, si kule ng'ambo anakokaa siku zote, akakileta upande wangu mpaka magoti yakagusana. Kwenye sahani kulikuwa na andazi moja, lililobaki jana. Nikalitazama. Naye akalitazama. Nikafungua mdomo.

"Nalitaka," akaniwahi, na mkono wake ulikuwa umeshafika.