Maneno ya Mnadi

Mpekuzi alikuwa na kipaji kimoja: kuharibu kazi za watu. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kila programu ya simu iliyotengenezwa pale ofisini ilipita kwanza mikononi mwake, akaibonyezabonyeza kama mtoto aliyepewa kinanda, mpaka ikakwama. Asubuhi ile hakuwa hata na kazi. Alikuwa akichezea tu programu ambayo mwenzake wa ofisini, Kifaranga, alimtengenezea baba yake, nje ya saa za kazi.

"Dada," alisema bila kugeuka, "maneno yangu yamekwenda wapi?"

"Maneno gani?"

"Juzi niliandika humu 'Nipe chai' na 'Bosi ana kichwa kama boga'. Sasa nimeweka toleo lako jipya, nimefungua, hayapo. Nakuta haya yako ya wodini. 'Naomba maji.' 'Nasikia maumivu.' Nani anaumwa hapa?"

Kifaranga alisimama na kikombe mkononi. Kifaranga si jina lake. Baba yake alimwita hivyo tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu mgeni akibisha hodi tu, yeye hujificha nyuma ya mama yake. Pale ofisini walilijua kwa sababu baba yake mdogo alikuja siku moja kumtafuta, akalitangaza mapokezi kama anayetafuta mtoto aliyepotea sokoni.

"Funga, halafu fungua tena," alisema.

"Nimeshafanya hivyo. Hayapo, dada. Yamekwenda na maji."

Kazi ya programu ile ni rahisi kueleza. Ukiifungua, inasoma faili la maandishi lililomo ndani ya simu, kila mstari sentensi moja, na kila sentensi inakuwa kitufe. Ukibonyeza kitufe, simu inasema badala yako. Ukiandika sentensi mpya, programu inaiongeza mwishoni mwa faili. Siku ya kwanza kabisa, faili likiwa bado halipo, programu inaliunda yenyewe na kuandika humo sentensi chache za kuanzia. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote lazima iulize: faili lipo au halipo?

Kifaranga alikaa, akapitia aliyoyaandika wiki ile. Alikuwa ameongeza ukubwa wa herufi ili baba yake asihangaike na miwani. Katika kupangapanga, alikuwa amehamisha mistari, na lile swali alikuwa amelifuta. Toleo jipya halikuuliza kitu. Lilifunguka, likaandika sentensi za kuanzia juu ya kila lililokuwepo.

Na jana jioni alikuwa ameliweka kwenye simu ya baba yake.

"Mzee ameshaifungua?" Mpekuzi aliuliza. Sauti yake ya mzaha ilikuwa imekwisha.

"Sijui."

"Nakala je?"

"Hataki nakala. Anasema maneno yake yakae kwake."

Baba yake alikuwa mnadi. Kwa miaka aliyokuwa akisimama juu ya meza kwenye uwanja wa maghala, akinadi samani zilizotumika, mafeni na majokofu, watu walikuja wasio na haja ya kununua, wakaondoka na kabati begani. Kisha koo likaanza kuuma. Upasuaji ulimwachia uhai ukachukua sauti, na chini ya shingo ukabaki mlango mdogo wa kupumulia, ambao aliufunika kwa kitambaa safi kila asubuhi. Kifaranga alipomtengenezea programu, alimwandikia sentensi alizodhani mgonjwa atazihitaji. Baba yake alizisoma zote kwa adabu, kisha akazifuta moja baada ya nyingine. Akaandika zake. "Kabati hili limefungiwa siri za mawaziri, litafunga na zako!" "Wewe mwenye kofia, mkono wako unakuna kichwa au unapandisha bei?" Miezi mitatu aliyarudia maneno yale chumbani, mpaka mama akatishia kuhamia kwa dada yake.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Mwenye mnada alikubali kumjaribu asubuhi hii moja. Akiweza, Jumamosi zote zitarudi kwake. Akishindwa, meza itabaki kwa kijana wanayemwita Kasuku, ambaye maneno yake mengi aliyaokota kwa baba huyo huyo.

"Mpigie," Mpekuzi alisema.

"Nikimpigia, ataifungua ili anijibu."

Ndivyo ilivyokuwa. Simu ya baba yake ikiita, hupokea, akafungua programu na kubonyeza "Sema, roho yangu, masikio bado ninayo." Kumpigia ilikuwa sawa na kumfutia kwa mkono wake mwenyewe.

Kifaranga alimtumia ujumbe: *Baba usifungue programu. Nakuja.* Ujumbe ulikaa bila kusomwa. Baba yake husoma ujumbe jioni, akishakula. Mama alikuwa kazini, chumba cha kufulia cha hospitali, ambako simu hufungiwa kabatini. Alibaki Baba Mdogo, aliyekwenda mnadani kushika spika.

Simu iliita muda mrefu. Kifaranga alijikuta amesimama ukutani, paji la uso limegusa kalenda.

"Kifaranga!" Baba Mdogo alipokea kwa kelele, na nyuma yake kelele nyingine. "Hata shikamoo hakuna siku hizi?"

"Shikamoo, Baba Mdogo. Naomba umwambie Baba—"

"Marahaba, marahaba! Mwanangu, ungekuwa hapa! Watu kama siafu. Na baba yako amevaa lile shati la harusi, kitumbo kimegoma kuingia, nimemfungia vifungo mimi."

"Baba Mdogo, ile programu—"

"Nini? Hawa wanajaribu spika, sikusikii vizuri. Yule Kasuku naye amekuja, amesimama pembeni kama fisi anayengoja mkono udondoke. Nikamwambia, kijana, leo utalala njaa..."

Kifaranga alingoja. Alifundishwa kwamba mkubwa akizungumza hakatizwi. Alihesabu pumzi zake. Sasa hivi atamaliza. Sasa hivi.

"...lakini mbona nasema mimi? Ngoja nikupe mwenyewe."

"Hapana! Usimpe, Baba Mdogo, usi—"

"Kaka! Mwanao huyu hapa."

Kukawa na mkwaruzo, kisha ile pumzi yenye mluzi mwembamba aliyoizoea.

"Baba, usifungue programu. Baba, unanisikia? Usiifungue."

Spika ikapiga yowe. Watu wakacheka mahali fulani. Alimjua baba yake. Alijua kwamba simu ya Baba Mdogo iko sikioni kwake, na mkono wa pili unaingia mfukoni kutafuta yake, ambayo tayari imeunganishwa waya wa spika. Kisha, kwa mbali na kwa ukubwa, kama tangazo la kituo cha reli, akaisikia sauti ya mashine:

"Habari. Mimi siwezi kuongea. Tafadhali kuwa na subira."

Ile ilikuwa sentensi ya kwanza kabisa aliyomwandikia, na ya kwanza baba yake kuifuta.

Simu ikakatika.

Mpekuzi alikuwa ameshamwekea kompyuta na waya kwenye mkoba. "Nenda. Bosi akiuliza, umemfuata mteja. Wala si uongo."

Kifaranga alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Njiani alijaribu kukumbuka maneno ya baba yake, ayaandike upya, lakini yalimjia vipandevipande: siri za mawaziri, mwenye kofia, kiti kilichochoka kukaliwa na wavivu. Mengine aliyasikia kupitia ukuta mara mia na sasa hayakuja hata moja. Akilini alimwona baba yake juu ya meza, shati la harusi limembana, watu wamenyamaza, naye anabonyeza na kubonyeza, na simu inamwombea maji. Alimwona Kasuku akipanda. Alimwomba dereva aongeze mwendo, kwa sauti ndogo, na dereva hakusikia.

Kwenye lango la maghala alisikia umati. Haukuwa umenyamaza. Walikuwa wanacheka, naye aliamini wanamcheka baba yake.

Alipenya kati ya migongo, akisema samahani, samahani. Baba yake alikuwa mezani. Kando yake lilisimama kabati la milango miwili. Mtu mmoja nyuma akataja bei, bei ya kuku.

Baba yake alimtazama yule mtu kwa muda. Akaweka mkono kifuani. Akabonyeza.

"Nasikia maumivu," ilisema simu, kwa upole wa muuguzi.

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyebeba feni akapandisha bei. Baba yake akamwinamia kwa heshima, kisha akamgeukia yule wa nyuma, nyusi juu. Yule akaongeza kidogo, kidogo sana.

"Tafadhali niitie daktari."

"Daktari huyo hapo, mtibu mzee!" Baba Mdogo alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Toa dawa, bwana, mgonjwa anazidiwa!"

Bei ikapanda. Ikapanda tena. Mtu wa tatu akaingia, akataja yake, na baba yake akajishika kichwa, akayumba, akavuta kimojawapo cha viti vilivyokuwa vikingoja zamu yao na kukikalia kwa madaha, akikipapasa mkono ili wote wakione.

"Sasa najisikia nafuu kidogo."

Kifaranga alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Zile sentensi aliziandika akilia, usiku wa wodini, akiwaza baba yake atakavyoomba maji. Baba yake akainua nyundo ya mti, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyepandisha.

"Asante sana. Sasa naomba kupumzika."

Nyundo ikagonga. Kabati likapata mwenyewe.

Mwenye mnada alisimama amekunja mikono. Kasuku hakuonekana tena. "Jumamosi aje," alimwambia Baba Mdogo. "Na huo ugonjwa aje nao."

Vitu vilipokwisha kuuzwa, baba yake alishuka, akamwona. Uso wake haukucheka. Alimwonyesha simu, orodha fupi ya maneno ya wodini, kisha akageuza kiganja juu: yako wapi?

"Nimeyafuta mimi, Baba," alisema. "Bila kujua. Nilisahau kuiambia itazame kwanza kama faili lipo. Hayarudi."

Baba yake alimtazama. Alitazama simu. Akateremsha vidole juu ya kioo polepole, kama anayepapasa mahali palipokuwa na jino. Kisha akaondoka, akaenda bombani, akanywa maji, akakaa huko muda ambao Kifaranga aliuona mrefu mno.

Kifaranga alifungua kompyuta juu ya meza ya mnada. Alilirudisha lile swali mahali pake: kama faili lipo, soma, kama halipo, ndipo uandike. Akalisoma mara nne. Akachomeka waya kwenye simu ya baba yake, ambaye alikuwa amerudi na kusimama nyuma yake, akipumua kwa ule mluzi.

"Andika chochote, Baba. Halafu naliweka toleo hili, tunafunga, tunafungua tuone kama kimebaki."

Baba yake alivaa miwani. Akampa mgongo ili asione, akaandika kwa kidole kimoja, akamrudishia.

Kifaranga aliweka toleo. Akazima simu kabisa, akaiwasha. Kioo kikakaa cheusi, kikapata nembo, kikakaa tena. Akagusa programu. Kwa muda hapakuwa na kitu, weupe mtupu, na Baba Mdogo akamshika bega.

Vitufe vikajipanga. Naomba maji. Nasikia maumivu. Na chini kabisa, mstari mpya. Baba yake akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaubonyeza mwenyewe.

"Kifaranga," ilisema simu, kwa upole ule ule wa muuguzi, "umekula?"

"Bado, Baba," alijibu.