Punje za Nchani

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku aliyokuja ofisa wa ruzuku zilikuwa karibu zaidi. Tangu asubuhi nilikuwa nafagia karakana ya marehemu baba hapa Bombambili, nimeitia mashine grisi, nimemwomba mama asiongee sana mbele ya mgeni. Mama hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba togwa itakuwepo.

Mashine yenyewe ni ya kupukuchua mahindi. Baba yangu, fundi Remigi, aliitengeneza kwa pedeli za baiskeli na vipande vya bati, miaka ile tukilima Maposeni. Unakanyaga, hindi linapita, punje zinamwagika. Ila ina kasoro moja tuliyoizoea: kwenye ncha ya kila gunzi hubaki punje chache. Hizo tulizimalizia kwa mkono, jioni, nyumba nzima mkekani, baridi ya mwezi wa sita inauma na miguu tumeifukia ndani ya mahindi. Baba anatega vitendawili, kaka yangu Leonce anabuni majibu ya uongo, mama anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. Nimekaa na watu wengi tangu hapo. Raha ya mkeka ule sijaipata tena, na ninaitamani mpaka leo.

Baba alipofariki, karakana ikanyamaza. Muuza simu mmoja akataka kuipanga, nikawa namzungusha, maana nilisikia serikali inatoa ruzuku kwa wabunifu. Ofisa mwenyewe, dada Careen, alinieleza kwa simu kwamba ruzuku inafuata hatua. Mwenye wazo tu ana fungu lake. Mwenye mfano wenye kasoro ana lake, la kuumalizia. Mwenye chombo kilichokamilika naye ana lake, la kukijaribu kwa wakulima kabla hakijaingia sokoni. Ukiomba hatua isiyo yako, unarudishwa. Na mwaka huu lililofunguliwa kwetu ni fungu la mifano peke yake. Nikasema Mungu si Athumani. Zile punje za nchani ndizo zingeniokolea karakana.

Careen alifika kwa bodaboda, kajifunika koti zito.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, pole na baridi.”

Nikakanyaga pedeli, mahindi yakapita. Careen akaokota gunzi moja, akaligeuzageuza.

“Hapa ndipo penye kazi,” alisema. “Mzee alifika mbali, ila hapa palimshinda. Hii ndiyo hatua ya mfano hasa.”

Nilitabasamu hadi jino la mwisho. Mama akaacha kukoroga togwa.

“Palimshinda nani?”

“Mama, tafadhali,” nikasema.

“Nauliza. Palimshinda Remigi?”

Akaweka kata chini, akaingia chumbani kwake. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga: springi, na ulimi mdogo wa chuma. Akapiga magoti mbele ya mashine, akavifunga mahali pake bila kubahatisha, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

“Kanyaga, Jovina.”

Gunzi likatoka jeupe, tupu. La pili hivyo hivyo. Sikuamini macho yangu.

“Mama,” Careen alisema taratibu, “hii mbona imekamilika?”

“Ilikamilika zamani.”

“Basi siwezi kuiweka kwenye fungu la mifano, nitakuwa nimedanganya. Subirini fungu la majaribio. Labda msimu ujao.”

Alisikitika kweli, na togwa aliimaliza, hilo simnyimi. Pikipiki ilipoondoka tu, nikalipuka.

“Mama, karakana ndiyo imekwenda hivyo! Umenyamaza miaka yote, leo tu ndiyo ukashindwa?”

“Nimeshindwa,” alisema. “Waseme yote, wasiseme palimshinda.”

Akakaa juu ya gunia.

“Springi hii baba yako aliifunga jioni moja tu. Mlikuwa wadogo. Mahindi yakaisha kabla ugali haujaiva. Tukala, Leonce akatoka kwenda kwa wenzake, wewe ukalala. Baba yako akabaki mkekani. Akasema ‘kitendawili’, hakuna wa kumjibu. Asubuhi akaifungua. Akaniambia, ‘Notburga, itunze hii. Watoto wakishaondoka wote, tutaifunga.’”

“Na tulipoondoka?”

“Hakuniuliza ilipo. Na mimi sikumkumbusha. Tukawa tunakaa wawili mkekani.”

Nilimpigia yule muuza simu, nikamwambia aje achukue ufunguo, karakana ni yake msimu huu. Iliniuma sana, sitaficha. Kisha mama na mimi tukaiburura mashine mpaka uani, karibu na jiko, ambako lilikuwa limebaki rundo dogo la mahindi ya kumalizia.

Nikachukua spana. Nilifikiri juu ya fungu la majaribio, juu ya wakulima ambao siku moja wataipata mashine safi isiyobakiza kitu, na nikajua kwamba wao nitawafungia springi, kila mmoja wao. Halafu nikapiga magoti nikaifungua ya kwetu, nikamrudishia mama. Akaifunga kwenye kanga yake.

Nikakanyaga mpaka rundo likaisha. Mama akatandika mkeka, tukaanza kuzing’oa punje za nchani kwa vidole gumba.

“Bado nina hasira na wewe, mama.”

“Najua, mwanangu.” Akaokota gunzi jingine. “Kitendawili.”

“Tega,” nikasema, nikaifukia miguu ndani ya punje.