Mgeni Aliyebeba Mzigo Wake Mwenyewe

Tangu watoke Bukoba asubuhi ya jana, watu walikuwa wakiwakimbia, na Philbert aliijua sababu. Ilikuwa ikitembea mbele yake, ikipiga mluzi.

Sababu yenyewe ilikuwa Bwana Doson, kijana wa Kiingereza aliyekuja kuitembea nchi kwa miguu, bila mpagazi, mfuko mkubwa wa turubai umefungwa mgongoni kwa mikanda. Mapadre walimwomba Philbert, mwalimu wa dini aliyejua Kiingereza, afuatane naye hadi Nshamba, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na safari ya huko. Mtoto wa dada yake Verdiana alikuwa abatizwe, naye Philbert ndiye aliyechaguliwa kuwa baba wa ubatizo.

Kwanza walicheleweshwa na mahandaki. Kila shimo la wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, Bwana Doson alitaka kushuka ndani yake. Kila ukuta wenye tundu la risasi alitaka kutia kidole. Huko Rwamishenye walikuta milango imefungwa mchana kweupe. Kijijini Muhutwe walikuta chungu cha ndizi kinatokota jikoni, mpishi hayupo. Philbert, njaa inamuuma, alisimama ukingoni mwa kibanja cha migomba akapaza sauti kwa Kihaya.

"Tokeni! Ni mmoja tu! Hana bunduki!"

Mwanamume akajibu kutoka migombani, "Hata mara ile alitangulia mmoja tu!"

"Nimewakosea nini?" Bwana Doson aliuliza.

"Hujawakosea, Bwana. Ni huo mzigo." Philbert alikuwa amekwisha kumweleza, akaeleza tena. Wakati wa vita wazungu walipita huku wakikusanya wanaume. Aliyekutwa njiani alitwikwa sanduku la risasi au gunia la unga, akapelekwa Tabora na mbele ya Tabora. Waliorudi ni wachache. Mpaka leo, mzungu akionekana na mzigo, watu wanajua anatafuta kichwa cha kuutwika.

"Lakini naubeba mwenyewe!"

"Hilo ndilo linalowatisha zaidi. Wanadhani mpagazi wako amekufa njiani."

Philbert akaona heri aubebe yeye. Hawakufika mbali. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia aliwaona, akatupa jembe na kupiga yowe, "Wamemkamata mwalimu!" Kilima kizima kikaitikia. Philbert aliutua mfuko barabarani kwa kishindo.

"Chukua mzigo wako."

"Vita vimekwisha, Philbert," Bwana Doson alisema huku akijifunga mikanda. "Wangeambiwa tu."

Philbert alitangulia kwa hatua ndefu. Aliogopa angetamka neno lisilomfaa mwalimu wa dini.

Walifika Nshamba jua limeanza kuteremka. Misa ilikwisha zamani, na uani kwa Verdiana wageni walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbichi, ndizi na samaki vimepakuliwa, rubisi, pombe ya ndizi, inapita. Mtu mmoja akageuza kichwa, akauona mfuko. Wanaume waliinuka wote kwa pamoja. Mtungi ukapinduka. Mara ua ukabaki mtupu, migomba inatikisika.

Verdiana alisimama mlangoni na mtoto kifuani.

"Umekosekana kanisani," alisema. "Jirani Aristides ndiye aliyemshika mtoto wangu badala yako, na wewe upo. Sasa umenifukuzia na wageni!"

"Dada, si mimi, ni huyu..."

"Nani kamleta?"

Mtu mmoja tu hakuwa amekimbia. Alikuwa Kokushubila, mama mkwe wa Verdiana, aliyeketi palepale pake na mbugu yake, vazi la gome la mti, begani. Alimtazama mzungu, kisha akazungumza na Philbert kwa Kihaya, taratibu.

"Muulize mzungu huyu, mwanangu Rugaibula yuko wapi? Walimchukua akienda kuchota maji."

Philbert alitafsiri. Bwana Doson akawa mwekundu hadi masikioni. "Mwambie nitauliza nikirudi Bukoba. Nitamtafutia habari."

"Sitamwambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hutauliza!" Uchovu wote wa njiani ulimtoka Philbert kwa sauti. "Au utauliza mara moja, wakubwa wataguna, nawe utapanda meli. Yeye atakaa hapa akikungoja. Wa kumngoja anaye tayari."

 Bwana Doson akafungua mikanda, akautua mfuko, akachuchumaa mbele ya mama yule.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake kibovu, "mimi sijui yuko wapi. Sijui."

Kokushubila alikielewa Kiswahili hicho kidogo. Alimkazia macho. Kisha akasogeza jani lenye ndizi mbele yake.

"Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," alimwambia Philbert. "Wote walisema atakuja."

Wanaume walianza kurudi, mmoja mmoja, wakikwepa mfuko uliolala nyasini. Philbert alinawa, akamega ndizi. Kabla haijafika mdomoni, mzee Kaijage alimgusa bega, akamwomba kwa heshima.

"Waitu, mwalimu, mwulizie na mdogo wangu. Privatus."

Nyuma yake alisimama mwingine, na nyuma ya huyo mwanamke aliyejifunika kanga. Philbert akairudisha ndizi kwenye jani, akahema, akamgeukia mgeni.

"Bwana Doson, usile kwanza. Huyu anaitwa Kaijage."

Verdiana akaja na mtoto, akamweka mikononi mwa Philbert.