Aliyeokotwa Isaka

Mama Asteria alitoka chumba cha upasuaji akiwa amepungukiwa na vitu viwili: utumbo wa kiasi cha shubiri mbili, na Asteria.

Ule utumbo haukuliliwa na mtu. Ulikuwa umejisokota kama kamba ya kisima mpaka ukaoza, na daktari alisema wangechelewa kufika hospitali ya Kahama kwa saa nyingine mbili wangekuwa wanazungumza habari za sanda. Lakini Asteria alikuwepo pale pale kando ya kitanda, miaka arobaini na mitatu, mnene wa kutosha kuonekana hata gizani, na mama yake alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekutangulia kwenye foleni ya maji.

"Shikamoo," mama akamwambia.

Asteria akageuka nyuma, akidhani kuna mzee ameingia. Hakukuwa na mzee.

"Mama, ni mimi."

"Shikamoo," mama akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, kama msichana anayeogopa kuchapwa.

Nesi aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji ya mshipani akamnong'oneza Asteria, "Itikia tu, dada. Usipoitikia atajiona kakosa."

"Marahaba," akasema Asteria. Shikamoo ni ya kupanda, haishuki. Ikishuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ni kama mto umepanda mlima.

Daktari alimweleza vizuri. Watu wazima wengine, alisema, baada ya dawa ya usingizi na ugonjwa mzito, mwili huamka kwanza na akili ikachelewa. Inakuwa na ukungu. Inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua majuma, mara nyingi hurudi.

"Kwa sasa iko wapi?" Asteria akauliza.

Daktari akafikiri kidogo. "Iko njiani."

Kama mzigo uliobaki stesheni, akawaza Asteria, na wazo hilo halikumpendeza hata kidogo, kwa sababu ya Isaka.

Habari ya Isaka ilikuwa hivi. Wazazi wengi huwatania watoto wao kwamba waliwaokota jalalani. Mama Asteria, ambaye ulimi wake ulijulikana kuanzia Samuye alikozaliwa mpaka Nyahanga ya Kahama alikoolewa, hakuridhika na jalala. Yeye alitaja mahali. "Wewe nilikuokota Isaka stesheni, kwenye marobota ya pamba." Alilisema hilo Asteria akivunja sahani, akalisema Asteria akishinda mtihani. Siku ya harusi alisimama mbele ya wakwe na kuwaambia, "Mkimchoka msimrudishe kwangu. Mpelekeni Isaka nilikomwokota, labda mwenyewe bado anamtafuta." Watu walicheka mpaka soda zikawatoka puani. Asteria naye alicheka. Lakini cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa Isaka, wadogo zake wanne wote waliandikwa Kahama, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini. Ukiambiwa kitu kwa mzaha miaka arobaini, unafika mahali huulizi tena, kwa kuogopa kujibiwa bila mzaha.

Baada ya siku tisa wakarudi nyumbani Nyahanga. Asteria aliacha banda lake la chakula kule Geita, jirani na karasha za kusaga mawe ya dhahabu, akamwachia mumewe Thobias awapikie wachimbaji, nao wakaanza kupiga simu wakiomba mama apone haraka.

Ajabu ya ukungu ule ni kwamba ulichagua. Mama alimjua Abel, mwanawe wa pili, kwa kusikia tu pumzi yake kwenye simu. Alimjua Harish wa duka la vitambaa, akamuuliza goti limefikia wapi. Shemeji yake Bujiku alipokuja kumpa pole, akavua kofia na kusema, "Nasikia wamekutoa utumbo. Afadhali wangetoa ulimi," mama alimtazama vizuri, akamjua, lakini badala ya kumrudishia mbili kwa moja, akasema, "Ahsante sana shemeji kwa kuja. Mungu akubariki."

Bujiku akarudisha kofia kichwani. Alipotoka nje aliegemea ukuta. "Huyu anakufa," alimwambia Asteria. "Miaka arobaini na ushee nimemtania, leo ananibariki."

Na kila mtu aliyeingia alisema, "Mama Asteria, hujambo?" Naye akaitikia vizuri kabisa, "Sijambo." Jina alilijua kuwa ni lake. Ila Asteria mwenyewe, aliyekaa hapo akimlisha uji, alimwita dada.

Jirani yao Limi, mwanamke ambaye hakunyimwa maneno na Mungu, alikuja kuazima ungo akakaa saa nzima. "Ukungu ukishuka," alisema akiutazama ungo, "mtu husahau vya kuazima. Vyake anabaki navyo."

Asteria alimpa ungo mmoja. Angeweza kumpiga nao kichwani.

Alipomwogesha mama siku hiyo alitazama tumbo lake. Mshono ulipita katikati, mrefu, umefungwafungwa kama mdomo wa gunia la mpunga. Pembeni mwake ilikuwepo michirizi ya zamani ya uzazi, myeupe, mingi, imelala kama njia za ng'ombe zikishuka bwawani. Asteria alijikuta anaihesabu. Alitaka kujua ni upi wa kwake.

Kila asubuhi mama aliamka msichana. Alitoa shikamoo, akauliza kama ng'ombe wameshatoka zizini, na akalistaajabia bomba la maji uani kama muujiza, akilifungua na kulifunga. Jua likipanda naye alizeeka nalo: saa nne ameolewa, adhuhuri ana watoto, alasiri ni mjane. Siku moja alijiona kwenye kioo, akasema, "Bibi huyu ni mzuri, anafanana na mama yangu," akampisha apite. Asteria alicheka. Mtu mmoja kubeba watu wote wale ndani ya ngozi moja, na kuwatoa mmoja mmoja kila siku kwa zamu! Hakuwahi kufikiri kuwa mama yake ni mkubwa kiasi hicho.

Jumanne ya wiki ya tatu, alasiri, mama alisema, "Dada, wewe ni mkarimu. Mimi ninaye binti yangu Geita, naye ana mkono kama wako. Anaitwa Asteria. Ila hawezi kuja, wachimbaji wanakula kama nzige."

"Atakuja," alisema Asteria, akatoka kwenda kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri.

Jumatano, katika kuwaza kwake, aliunguza maharage. Alisimama na mwiko mkononi akiyakodolea macho mpaka yakatoa moshi. Mama aliinua pua ndani alikolala, akanusa, akanusa tena. "Yananukia vizuri, dada," akasema kwa adabu.

Alhamisi asubuhi alitoa shikamoo yake kama kawaida. Mchana wakakaa barazani kuchambua mchele. Vidole vya mama havikuwa na ukungu hata kidogo. Vilirusha vijiwe nje ya ungo bila kuuliza njia.

"Dada, una watoto?"

"Watatu."

"Uliwazaa au uliwaokota?"

Mkono wa Asteria ukasimama juu ya mchele. "Niliwazaa."

"Mimi niliwazaa wanne. Mmoja nilimwokota."

Asteria aliinamia ungo. Alijua kwamba akifungua mdomo mama atapotea tena, na alijua pia kwamba sasa linakuja lile lisilo na mzaha. Akaendelea kuchambua mchele ambao haukuwa na kijiwe.

"Nilishuka treni Isaka nikienda Kahama kwa baba yake," mama alisema. "Mimba bado mwezi mzima, ndivyo nilivyodhani. Lori hakuna. Mvua hiyo, we acha. Nikajibanza kwenye marobota ya pamba, uchungu ukanikuta hapo. Mwanamke hayupo hata mmoja. Alikuwepo kuli mmoja, Marselino, akatandaza turubai juu yangu, akanigeuzia mgongo, akasali kwa sauti kama anagombana na mtu. Mtoto akatoka. Kimya."

Alirusha kijiwe.

"Rangi ya zambarau iliyoiva. Nikampiga makalio, kimya. Kuli akasema bila kugeuka, 'Pole mama, Mungu ameshamchukua.' Nikamwambia, basi na anishikie upande mmoja, mimi sijaachia. Nikaweka mdomo wangu kwenye pua yake na mdomo wake, nikapuliza. Unajua kuwasha kuni mbichi? Ukipuliza kwa nguvu unatimua majivu, ukipuliza kidogo hauwaki. Nikapuliza hivyo. Sijui muda gani. Treni ya mizigo ikapiga honi, nikamsikia ameshtuka. Akakohoa. Halafu akalia, na kuli naye akalia, na mimi nikacheka, nilicheka mpaka watu wa stesheni wakadhani nimerukwa na akili. Nikamfunga kwenye pamba, nikaja naye Kahama kesho yake."

"Na wale wengine?" Asteria aliuliza, maana ilimbidi aseme kitu.

"Wengine walikuja wenyewe, mimi kazi yangu ilikuwa kufungua mlango. Yule alikuwa ameshadondoka. Nikainama, nikamwokota."

"Ulishawahi kumwambia?"

"Kila siku namwambia," mama alisema. "Ananuna."

Ungo ulimponyoka Asteria. Mchele ukamwagika barazani, naye akapiga magoti akaanza kuuokota, chembe moja moja, uso chini. Ilichukua muda mrefu. Mama hakumharakisha.

Usiku huo na kutwa ya Ijumaa, Asteria aliendelea na kazi zake huku akisikiliza kifua chake kikipanda na kushuka. Pumzi hiyo alidhani ni yake. Kumbe ilianzia kwenye mdomo wa mtu mwingine, chini ya turubai, na haijakatika tangu siku hiyo. Imeruka kamba, imeimba kanisani, imempulizia Thobias chai ya moto. Limi alirudisha ungo aliouazima akaanza tena habari za ukungu. Asteria alimsikiliza akitabasamu, mpaka Limi akaingiwa na wasiwasi, akaaga. Mama kama hatamjua tena, basi. Ataitikia marahaba mpaka mwisho wa dunia.

Jumamosi asubuhi aliingia na uji. Mama alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kanga yake vizuri. Asteria alisubiri shikamoo. Haikuja. Aliweka bakuli, akachukua kijiko, akakaa.

"Siku hizi," mama alisema, "mtu akiamka haamkii wakubwa?"

Kijiko kikabaki hewani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uji huu umeupika wewe au umeuokota?"

Asteria alicheka na kulia kwa mpigo mmoja, pua ikimsaidia macho, na mama akamwangalia kwa ile sura yake ya siku zote, ya mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Akamtuma akamwite Bujiku, kwa sababu alikuwa na neno lake kuhusu ulimi.

"Mama, umenijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Nyahanga nzima hakuna mwingine anayeweza kuunguza maharage huku akiyatazama."

"Na asubuhi yake ukaniamkia shikamoo!"

"Si uliitikia? Marahaba ndefu, shingo imenyooka kama diwani."

Asteria alichukua bakuli tupu akaenda nalo uani. Alikuwa ameshafungua bomba, maji yanamwagika, ndipo vidole vyake vyenyewe vikaanza kuhesabu. Jumatano, maharage. Baada ya Jumatano huja Alhamisi. Akahesabu tena, taratibu, kama mtu asiyeamini siku za wiki. Maji yalijaa bakuli, yakafurika, yakamlowesha miguu.

Akarudi ndani, mikono ikidondosha maji.

"Mama. Ile Alhamisi, barazani."

Mama alikuwa ameshajilaza, amegeukia ukutani, kanga imefika masikioni.

"Alhamisi gani, ng'wanone, mwanangu?" alisema. "Mimi mgonjwa. Daktari si alikwambia nitakuwa nasahausahau?"