Maneno ya Mtani Kaburini

Viongozi walifika Kwihara kabla ya jeneza. Mkuu wa wilaya alitangulia, mbunge akafuata, kisha wakaja wakubwa wengine kutoka mjini ambao Paskazia hakuvijua vyeo vyao. Wote walivua viatu mlangoni. Wote walisema pole. Na wote, baada ya kimya kifupi cha heshima, walimwomba asimulie tena habari ya simu.

Alisimulia. Mumewe, Raymundi, alikuwa mlinzi wa mnara wa mawasiliano uliojengwa mwinukoni, nje kidogo ya kijiji. Mchana wa kifo chake alimpigia simu Paskazia alipokuwa anaanua nsansa, majani ya kunde aliyokuwa ameyaanika juani. "Mama Recheli," alimwambia, "kuna kitu kinazunguka juu ya mnara. Kinalia kama nyuki waliofukuzwa mzingani. Nimemwarifu msimamizi. Bado nakitazama." Simu ikakatika. Mlipuko wenyewe Paskazia aliusikia kwa sikio la pili, lile lisilokuwa na simu.

Hakulia. Wanawake walimkalia karibu wakisubiri alie ili nao wapate pa kuanzia, lakini machozi hayakuja. Alikula alipopewa. Alilala alipoonyeshwa mkeka. Alijiona kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi. Anajua mguu ni wake, ila hausikii.

Redioni viongozi walisema mengi. Mkuu wa wilaya aliwataka wananchi wawe watulivu. Mbunge alisema nchi hii haichezewi, na mkono uliotugusa utajuta kunyooshwa. Naibu waziri alisema dalili zote zinaonyesha shambulio la ndege isiyo na rubani kutoka nje ya mipaka. Hakutaja nchi. Mnadani hawakumsubiri ataje. Walikwisha kuitaja wao, na kijana mmoja mwenye jamaa huko alifunga duka lake akaondoka bila kuaga.

Katika maneno yote hayo, moja tu lilipenya ganzi ya Paskazia. Walisema Raymundi alikuwa macho. Walisema alisimama kazini kwake, akaona, akatoa taarifa. Walinzi hutaniwa kila siku kwamba kazi yao ni kulala kwa mshahara, na Raymundi alikuwa amechoshwa na mzaha huo. Paskazia aliona kwamba hilo likibaki, mengine yote wanaweza kuyachukua: mnara, bendera, hotuba, hata adui mwenyewe.

Siku moja kabla ya mazishi alifika Mwanahawa. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na mume mfanyakazi wa reli, akafiwa na mume huyo, akabaki akiuza vitenge sokoni. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, mababu wa upande mmoja walipokuwa wakishusha mizigo pwani na mababu wa upande wa pili wakiwapokea. Alisimama mlangoni, akashika kiuno.

"Paskazia, umekaa kama robota la tumbaku lililokosa mnunuzi. Mume umemwacha wapi?"

"Kauze kiwanja kingine cha baba yako, Mzaramo, ununue adabu."

"Viwanja vimekwisha. Ndiyo maana nimekuja kula ubwabwa wa msiba wenu, wachukuzi nyie."

Wanawake walicheka. Siku ile nzima, jibu lile la kiwanja lilikuwa sentensi pekee ambayo Paskazia aliisema kwa hiari yake.

Mazishi yalipangwa na ofisa wa itifaki aliyetumwa kutoka mjini, kijana mpole aliyeitwa Kornel. Alipanga viti, akaamua nani akae wapi, akamwomba katekista Erasmus afupishe sala kwa sababu matangazo yatarushwa moja kwa moja. Kisha alimwuliza Adriano, kaka wa marehemu, kama kuna jambo lolote la mila.

"Watani watakuwepo," alisema Adriano.

"Sawa, mzee. Waambie dakika tano."

Adriano alikwenda kutazama kaburi linavyochimbwa. Hajazaliwa mtu wa kumpimia mtani dakika, naye alidhani kila mwenye akili anajua hivyo. Huko kwao Kornel watani labda hufika msibani, wakatania kidogo, wakala, wakaondoka. Kwihara mtani huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Husema maovu ambayo marehemu hakuyatenda. Hulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Hakuna anayekasirika, na maneno yake hufukiwa pamoja na udongo. Lakini hayo Adriano hakuyasema, na Kornel hakuyauliza.

Naibu waziri alihutubia vizuri. Alisema mlinzi huyu alimwona adui akaendelea kumkodolea macho mpaka mwisho. Alisema damu yake haitakwenda bure. Alipofika hapo, Mwanahawa alijitokeza kutoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa koti la kazi la Raymundi lililomfika magotini, kofia imemziba jicho moja, rungu begani. Alitembea kama Raymundi alivyotembea, bega moja likitangulia kana kwamba linapita mlango mwembamba. Akafika mbele ya kipaza sauti, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, mlinzi Raymundi naripoti."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikasambaa.

"Adui sikumwona, mheshimiwa. Nilikuwa nimelala. Nilikuwa nachoma mahindi kwenye jiko langu pale chini ya mnara, usingizi ukanichukua, jiko likashika nyaya. Huyu mke wangu anawadanganya na habari za nyuki. Anavitaka hivi viti vyenu vya plastiki."

Watu walishika mbavu. Katekista alijificha nyuma ya kitabu cha sala. Hata naibu waziri alitabasamu, akafuta jasho, akasema, "Watani wetu hao," kisha akamalizia hotuba yake. Kornel alibaki amesimama mkono umenyooka, kama anayetaka kusimamisha gari lililokwisha kupita. Kwa kitambo kidogo Paskazia alimwona mumewe akitembea. Kwa kitambo hicho alikaribia kulia.

Mwanahawa alilala kaburini, akapewa jogoo, akatoka akilalamika kwamba jogoo amekonda. Raymundi akazikwa.

Kufikia kesho yake picha za video zilikuwa zimeenea kwenye simu. Mtu alikuwa amezikata. Zilianzia pale Mwanahawa aliposema "adui sikumwona" zikaishia kwenye nyaya. Saluti haikuwamo, wala kicheko.

Wiki hiyohiyo mawaziri wa nchi hii na wa ile iliyotajwa mnadani walikutana hotelini, wakapeana mikono. Taarifa ya pamoja ilitaja udugu, biashara na mpaka wenye amani. Msemaji alipoulizwa kuhusu mnara wa Kwihara, alisema uchunguzi unaendelea, ila zipo kauli za watu wa karibu na marehemu zinazoashiria chanzo cha ndani, yaani moto wa jiko. Mbunge alisema si busara kuwanyooshea kidole majirani kwa uzembe wa mtu mmoja. Mkuu wa wilaya aliwataka wananchi wawe watulivu. Yeye peke yake hakulazimika kubadili maneno.

Paskazia aliyasikia hayo akimenya karanga uani. Adriano alizima redio.

"Shemeji, wamesema alilala."

"Nimesikia."

"Nifanyeje?"

"Hebu nisogezee ungo."

Hakuna kiongozi aliyerudi kuuliza habari ya simu. Msimamizi ambaye Raymundi alimwarifu alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, na namba yake haikupatikana.

Aliyerudi ni Kornel. Alikuja kwa pikipiki, bila gari la ofisi, na nyuma yake alimpakia Mwanahawa aliyemtoa sokoni. Kijana alikaa kwenye kigoda akaweka mikono katikati ya magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Mama, mimi nilikuwepo. Najua ulikuwa utani. Nimewaeleza wakubwa zangu, wakaniambia utani hauna nafasi kwenye faili. Kwao ile ni kauli ya mtu wa karibu." Alisogeza kigoda karibu. "Ipo njia moja. Uje kituo cha polisi ulalamike kwamba huyu mama alisema uongo juu ya mumeo. Ukilalamika wewe mjane, kauli yake inafutwa. Ikifutwa, hawana kingine cha kuonyesha kwamba alilala."

"Na yeye?"

"Atashtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo."

"Afungwe?"

"Sijui, mama. Siwezi kukuahidi kwamba hatafungwa."

Mwanahawa alikuwa bado amesimama. Hakuwa ameshika kiuno.

"Nilikwenda mwenyewe juzi," alisema. "Nikawaambia mimi ni mtani, nilikuwa nacheza. Wakaniuliza, kama ulikuwa unacheza, mbona umejua jiko lilipokuwa? Nikawaambia kila mlinzi ana jiko. Wakaandika hilo." Alikaa chini. "Nishtaki, Paskazia. Jina la mwanamume haliwezi kuozea kwenye mdomo wangu."

Paskazia alitazama karanga mkononi. Alimkumbuka Raymundi kwenye mazishi ya mume wa Mwanahawa, amevaa kofia ya reli, akipepesuka na kuapa kwamba pombe ndiyo iliyomwua, ilhali yule bwana hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha. Mwanahawa mwenyewe alicheka siku ile mpaka akashikiliwa. Kama Mwanahawa angemshtaki Raymundi kwa maneno yale, nani angethubutu tena kusimama kwenye kaburi la mtu na kumfanya atembee kwa dakika mbili za mwisho? Mtani akifikishwa mahakamani mara moja, watani wote watakuja msibani wamefunga midomo, watakaa kwenye viti kama wageni.

Upande wa pili kulikuwa na neno moja, macho, nalo ndilo alilokuwa amelitaka. Alipima vitu hivyo viwili kwa utulivu uliomshangaza. Kama angekuwa analia, labda angechagua vingine.

"Mwanangu," alisema, "siku ile koti lilikuwa la nani?"

"La marehemu, mama."

"Anayelivaa koti msibani ni marehemu. Kwetu ndivyo ilivyo. Aliyewaambia kwamba alilala si Mwanahawa, ni Raymundi. Mkamshtaki yeye. Mahali alipo mnapajua, viti mlivipanga wenyewe."

Kornel aliinamisha kichwa. "Na aliyepiga simu mchana ule?"

"Naye ni Raymundi. Mlikuwa na Raymundi wawili, mkamchagua mmoja."

"Kwa hiyo huji kituoni."

"Siji."

"Itabaki hivyohivyo basi, mama. Itaandikwa uzembe."

"Iandikwe."

Kijana alikaa kidogo, kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Hakuna aliyemfukuza. Akaaga, akawasha pikipiki, akaondoka kuelekea mjini. Mwanahawa hakuondoka naye. Alivuta ungo upande wake akaanza kumenya.

Walimenya kwa muda mrefu. Paskazia alikuwa akisubiri. Alijua mtani wake hawezi kukaa na Mnyamwezi kwenye mkeka mmoja kimya kiasi hiki. Alisubiri aambiwe kwamba karanga zake ni ndogo kama akili za wachukuzi, au kwamba amekataa kwenda mjini kwa sababu hana kiatu. Hakuambiwa kitu.

"Mzaramo," alisema mwishowe, "nitukane."

Mwanahawa alifungua mdomo. Aliangalia juu ya ua, kule mwinukoni ambako mafundi walikuwa wameanza kusimamisha mnara mpya, akaufunga. Akatazama nyuma yake, kisha kwenye dirisha la nyumba, kama mwenye kuhakiki kwamba hakuna mwenye simu.

"Pole sana, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyezi Mungu akutie nguvu."

Tangu wajuane hakuwa amemwita dada.

"Nimeshapoa," alijibu Paskazia, akamsogezea karanga nyingine.