Shangwe ya Emil Wasko

Povu la bia lilimchuruzika Emil Wasko kwenye nyusi, likajipenyeza katika ndevu, na kwa baridi ile ya Desemba likaanza kuganda kabla halijafika kidevuni. Hakujifuta. Alikuwa bado amesimama, mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeamriwa na polisi, huku uwanja mzima umenyamaza kimya cha matanga. Kule chini mkimbiaji wa timu ya Wachimba Migodi alikuwa amekwisha kuvuka mstari wa mwisho, mpira kifuani, na muda umekwisha. Wavunja Barafu, timu ya mji ule ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wamefungwa nyumbani kwao, tena na mahasimu wao wa tangu enzi za babu, na katika jukwaa zima la watu wao ni mtu mmoja tu aliyeruka akapiga kelele za furaha.

Kikombe kitupu kilikuwa mkononi mwa dada yake.

"Kaa chini," Loretta alimwambia.

"Loretta, nimeteleza tu."

"Ulimi ndio huteleza. Mtu haruki futi mbili hewani akasema ameteleza."

Hapo ndipo jukwaa lilipofumuka. Vikombe vilimwangukia Emil kama mvua ya mawe. Mzee Orville wa kiti cha nyuma, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amechoma nao soseji kwenye maegesho na kumega nao mkate mmoja, alimsukuma begani. "Mtoto wa Rudy Wasko huyu! Mzee hajakauka kaburini, wewe unawachezea ngoma Wachimba Migodi?"

"Mtoeni! Mtoeni akalale na wenzake!"

"Nyoka wewe! Umejivika jezi yetu bure!"

Emil alimtazama dada yake, akingoja. Kwa miaka yote waliyokaa kwenye viti vile, hakuna mlevi aliyewahi kumgusa Emil bila kupambana kwanza na ulimi wa Loretta. Safari hii Loretta alisogeza magoti pembeni ili apate nafasi ya kupita. Emil akapita, kichwa chini, na jukwaa likamsindikiza kwa mizomeo hadi kwenye ngazi.

Viti vile vitatu, kimoja kitupu tangu msiba, vilikuwa vya baba yao. Rudy Wasko alivikalia tangu ujana wake, na sheria yake ilikuwa moja: anayempigia adui makofi, ainuke aende zake, asirudi. Alifariki majani ya miti yalipokuwa yakigeuka rangi, msimu ukiwa mbichi, akawaachia wanawe viti na sheria. Loretta aliamini kwamba alichofanya ni kutekeleza wosia.

*

Kufikia Jumatatu asubuhi, mji wote ulikuwa umeona. Mtu fulani wa safu ya juu alikuwa amerekodi kwa simu: Emil anaruka, Loretta anageuka, bia inashuka. Kipande kifupi, lakini watu walikirudia kama wimbo.

Loretta alifanya kazi duka kubwa la vyakula, kwenye kaunta ya nyama za kukata. Siku hiyo foleni yake ilifika mpaka kwenye majokofu ya maziwa. Waliokuja kununua nyama walikuwa wachache kuliko waliokuja kumshika mkono.

"Dada, ungemmwagia na ndoo," alisema fundi mmoja wa bomba.

"Bia yenyewe ghali pale uwanjani," Loretta akajibu. "Ndoo ningeipata wapi?"

Wakacheka. Akacheka nao. Mchana, kipindi cha mashabiki redioni kilimpigia simu, na mtangazaji Mack Delaney, mwenye sauti ya mtu anayetafuna changarawe, akamweka hewani pamoja na wasikilizaji.

"Hapa Gus, wa mtaa wa reli," alisema mmoja. "Mimi nasema mrusha mpira wetu auzwe, kocha afukuzwe, na huyo Emil apelekwe akaishi na Wachimba Migodi. Ale nao, alale nao, azikwe nao."

"Loretta, unasemaje?" aliuliza Mack.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Loretta alikuwa amesifiwa tangu alfajiri. "Nasema Gus ana huruma," alijibu. "Mimi sina kaka tena. Nilikuwa na mtu tuliyekaa naye jirani uwanjani, na kiti chake sasa kiko wazi."

Mack alipiga meza kwa furaha. Simu za wasikilizaji zikawaka zote.

Usiku huo Loretta alilala usingizi mzito wa mshindi. Tangu mazishi hakuwa amelala hivyo. Msiba ulikuwa umemwacha na kitu kizito kisicho na mahali pa kutua, na sasa kimepata pa kutua, kikamwacha mwepesi. Hakujiuliza kimemwangukia nani.

*

Alhamisi, Marnie, mke wa Emil, alichukua namba kwenye foleni kama mteja yeyote. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya kioo cha kaunta bila kuagiza.

"Wifi," Loretta alisema, kwa sauti ya kazini.

"Usiniite wifi. Si ulisema huna kaka? Basi wifi umempata wapi?"

Foleni ikanyamaza ili isikie vizuri.

"Jana wametumwagia takataka barazani," Marnie aliendelea. "Mabaki ya mabawa ya kuku, nepi, majivu. Kisanduku cha barua wamekipaka njano ya Wachimba Migodi. Kazini wenzake Emil wamemfungia nje na baridi hii, wanamchekea dirishani. Emil anasema yatapita. Akitoka kazini haendi popote. Anakaa."

"Mimi sikuwatuma."

"Hukuwatuma. Uliwafungulia mlango."

Loretta aliweka kisu chini. "Alimshangilia adui, Marnie. Mbele ya kiti cha baba. Mwambie aniombe radhi, tena aniambie kwa nini."

"Kwa nini? Ni ile ligi ya baa ya Halloran."

Loretta akasonya. Ligi ile aliichukia kuliko kufungwa. Kila mwanachama hujiundia kikosi chake cha mezani kwa kuokota wachezaji wa timu hii na ile, maadui wakiwamo, kisha kila wiki alama wanazopata wanaume hao uwanjani huhesabiwa kuwa zake. Ndiyo iliyowafanya watu wazima washangilie kwa nusu moyo, jicho moja kwenye mchezo na jingine kwenye simu. Yeye aliiita ligi ya wazinzi.

"Kwa hiyo kaka yangu amemchukua mkimbiaji wa Wachimba Migodi. Na wewe unakuja kumtetea?"

"Hakumchukua yeye." Sauti ya Marnie ilishuka. "Kikosi ni cha baba yenu. Mzee alikichagua mwezi Agosti, akiwa kitandani hospitali, Halloran kwenye simu. Huyo mkimbiaji ndiye aliyemtaja wa kwanza. Emil amekiendesha kile kikosi tangu mazishi, hajabadilisha hata jina moja. Miaka yote mzee alikuwa akishika mkia katika ligi ile, wakimcheka. Jumapili alikuwa na nafasi ya kuingia fainali. Emil hakuruka kwa ajili ya adui, Loretta. Alimwona baba yake anashinda."

"Uongo. Baba asingeweza."

"Muulize Halloran."

"Kama ni kweli, Emil angeniambia pale pale."

"Alimwahidi mzee." Marnie alikikunja kile kikaratasi cha namba, akakiweka juu ya kioo. "Kwamba wewe usijue."

Akaondoka. Mteja aliyefuata aliomba ratili moja ya salami, nyembamba. Loretta alimkatia vipande vinene kama soli za viatu, wala hakuambiwa kitu.

*

Jumapili Wavunja Barafu walicheza ugenini, na kama ilivyo desturi, waliobaki mjini walijazana baa ya Halloran kabla ya saa saba mchana. Loretta alipoingia walimpigia makofi. Bia zilimfikia kutoka pande tatu. Ukutani, kwenye ubao wa vishale, walikuwa wamebandika picha ya Emil, mikono juu, mdomo wazi.

"Wa kwanza ni wewe, malkia," alisema mzee Orville, akimpa kishale. "Tumekuwekea. Mpige puani!"

Loretta alikishika kishale, akaenda nacho hadi kwa Halloran, aliyekuwa akifuta glasi iliyokwisha kukauka zamani.

"Baba alikuwa kwenye ligi yenu?"

Halloran aliitazama glasi. "Tangu mwaka tulipoianzisha."

"Na mkimbiaji wa Wachimba Migodi?"

"Alimpenda sana yule kijana. Alikuwa akisema anakimbia kama mtu aliyechelewa mazishi ya mamaye." Halloran akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. "Alitulisha kiapo sote. Loretta asijue. Alisema, 'Akijua, atanitoa kwenye kiti changu mwenyewe.'"

"Alisema kwa mzaha."

"Tulicheka, ndiyo," Halloran alisema. "Yeye hakucheka sana."

Baa ililipuka kwa kelele. Wavunja Barafu walikuwa wametangulia kupata alama. Watu walikumbatiana, bia zikamwagika, na Loretta akasimama katikati ya furaha ile akiwa peke yake, kama jiwe ndani ya mto. Alikuwa akimkumbuka baba yake kwenye kiti, redio ndogo sikioni kila mchezo. Mzee alimwambia kwamba anafuatilia hali ya hewa, kumbe alikuwa akisikiliza alama za kikosi chake. Miaka yote ile, mzee alikuwa akiiba furaha ndogo kwa kumficha binti yake, kama mtoto anayelamba sukari. Na Loretta aliyedhani kwamba analinda sheria ya baba ndiye aliyekuwa sheria yenyewe.

"Malkia, tupa basi!" Orville alipiga kelele. "Mikono inatuwasha."

Loretta alikwenda kwenye ubao, akaibandua picha.

"Kikosi kilikuwa cha baba yangu," alisema. "Rudy Wasko ndiye aliyemchagua yule mkimbiaji. Kama mnataka kumtupia mtu vishale, kaburi lake mnalijua. Na aliyemwaga bia ni mimi, nami nipo hapa."

Mwanzo walidhani ni utani. Kisha Gus wa mtaa wa reli, aliyekuwa meza ya dirishani, akasema, "Kumbe ni ukoo mzima."

"Nilijua! Damu hiyo!"

"Rudy? Rudy huyu tuliyemsimamia kimya uwanjani dakika nzima?"

"Rudisha bia yangu niliyokununulia!"

"Njoo uichukue," Loretta alimwambia Orville, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili iliyopita ulimi wake ulikata upande uliostahili. "Umekula soseji za baba yangu tangu enzi ulipokuwa na nywele kichwani. Hesabu na hizo, kisha tudaiane."

Mtu alimzomea. Mwingine akadakia. Mizomeo ile aliifahamu. Wiki moja nyuma aliisikia ikipita mbele ya magoti yake. Akaivaa kofia yake, akatoka.

*

Baraza la Emil lilikuwa limesafishwa, lakini kisanduku cha barua bado kilikuwa njano. Gari la Marnie halikuwapo. Loretta aligonga mlango, akangoja, akagonga tena. Kisha akazunguka upande wa dirisha la sebuleni, akakanyaga theluji iliyofunika bustani, na kuchungulia.

Emil alikuwa kwenye kochi, mbele ya televisheni, sauti ameizima. Vijana wa Wavunja Barafu walikuwa wakigongana bila kelele, kama samaki ndani ya tangi. Robo ya mwisho. Walikuwa nyuma kwa alama nne.

"Emil."

Aligeuka. Walitazamana kupitia kioo, na Loretta akafungua kinywa. Pumzi yake ilikitia kioo ukungu, akaufuta kwa kiganja cha glavu.

"Haikuwa haki, nilichokufanyia," alisema mwishowe. Hakujua kama amesikika.

Emil hakuinuka. Alirudisha macho kwenye mchezo. Baadaye alinyoosha mkono, akaitwaa rimoti kutoka kwenye mkono wa kochi, na Loretta akajua kwamba sasa ataizima televisheni, kisha atavuta pazia, na kwamba yeye amestahili kufanyiwa hivyo.

Sauti ya televisheni ikapanda, kuliko anavyoihitaji mtu aliyekaa kochini. Kwanza ilikuwa mnong'ono, halafu ikawa maneno, halafu kioo chenyewe kikaanza kutetemeka chini ya vidole vyake. Mtangazaji alikuwa akisema kwamba Wavunja Barafu wameupata mpira, na kwamba uwanja mrefu bado uko mbele yao. Emil aliweka rimoti chini. Hakumtazama.

Theluji ilikuwa imeanza kumwingia Loretta viatuni. Akasogea karibu zaidi na dirisha, asikose neno.